Usugu wa Virusi vya UKIMWI kwa Dawa

Usugu wa virusi vya UKIMWI (VVU) ni hali ambapo virusi vinaendelea kuzaana ijapokuwa mgonjwa anameza dawa za ARV, kwa sababu jeni zake zimebadilika. Afrika Mashariki, mojawapo ya mahali ulipochunguzwa kwa muda mrefu ni Eldoret, magharibi mwa Kenya, katika mpango wa matibabu wa AMPATH ulioanzishwa mwaka 2001 na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Uchunguzi wa jeni ulifanywa zaidi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Brown. Kazi hiyo ilihitajika: orodha za mabadiliko zilizotumika duniani zilitokana kwa wingi na VVU vya aina ndogo B vya Ulaya na Marekani, ilhali magharibi mwa Kenya aina ndogo A ndiyo iliyotawala.

Chanzo cha mabadiliko ni kimeng'enya kinachonakili RNA ya virusi kuwa DNA. Ni mwandishi asiyerudia kusoma alichoandika. Mwili usiotibiwa huzalisha mabilioni ya virusi kwa siku, hivyo karibu kila kosa linalowezekana hutokea hata kabla ya kidonge cha kwanza. Dawa haileti kosa hilo, hulichagua tu. Ikiwa tele mwilini, uzaaji husimama na hakuna cha kuchaguliwa. Ikikosekana kabisa, virusi vya kawaida hurudi kutawala. Hatari iko katikati, dawa inapokuwa kidogo.

Badiliko hutajwa kwa herufi ya asidi amino ya asili, namba ya nafasi yake, na herufi ya iliyoingia. K103N peke yake hutosha kuzima nevirapine na efavirenz. M184V huzima lamivudine kwa kiasi kikubwa, lakini pia hudhoofisha virusi na kuviongezea wepesi wa kushambuliwa na tenofovir na zidovudine. Ndiyo maana daktari huweza kuiacha lamivudine kwenye dozi hata baada ya kuliona badiliko hilo. K65R hupunguza nguvu ya tenofovir.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 zilionyesha jinsi usugu unavyozaliwa nje ya kliniki. Maelfu walihama makwao na kambi ikawekwa katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Barabara zilifungwa, na wagonjwa wengi hawakuweza kufuata dawa. Wengi walitumia nevirapine au efavirenz pamoja na dawa nyingine mbili. Zote zilikatika siku moja, ila hazikutoka mwilini pamoja: nevirapine na efavirenz hubaki kwenye damu kwa siku nyingi, wakati angalau mojawapo ya nyingine imekwisha mapema. Kwa siku hizo mgonjwa alikuwa, bila kujua, chini ya dawa pungufu zisizotosha kuzuia virusi. Utafiti wa AMPATH na Brown uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha kukatika huko na virusi kushindwa kudhibitiwa. Kumwita mgonjwa wa namna hiyo mzembe ni kutoelewa kilichotokea.

Mwaka 2017 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuanza kutumia dolutegravir ya bei nafuu, ambayo virusi huizoea kwa shida zaidi. Swali lilikuwa kama ingefaa kwa mtu ambaye M184V na K65R zimeshadhoofisha dawa zinazoandamana nayo. Jaribio la NADIA, lililofanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe kwa washiriki 464, Eldoret ikiwa mojawapo ya vituo, lilijibu: baada ya wiki 48, asilimia 90.2 ya waliopewa dolutegravir walikuwa na virusi chini ya nakala 400 kwa mililita ya damu, karibu sawa na asilimia 91.7 ya waliopewa dawa ya kulinganishia, darunavir. Tenofovir nayo ilifanya kazi vizuri kuliko nadharia ilivyotabiri, hata palipokuwa na K65R. Jedwali la mabadiliko, kwa hiyo, halitabiri peke yake hatima ya matibabu.

Hata hivyo washiriki wachache walipata usugu kwa dolutegravir yenyewe. Mabadiliko yanayojulikana kuidhoofisha ni pamoja na G118R na R263K. Kwa mtu ambaye virusi vyake havishuki akiitumia, hatua ya kwanza nchini Kenya ni ushauri kuhusu umezaji na kipimo cha pili cha wingi wa virusi. Kipimo cha jeni, kilicho ghali, hufuata endapo idadi bado iko juu.