Vichaka, Mikorosho na Hewa ya Ukaa: Historia ya Mazingira na Riziki katika Masasi na Newala

Mijadala ya mabadiliko ya tabianchi katika mwambao wa kusini mwa Tanzania huelekezwa zaidi kwenye mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma, iliyomo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Nyuma ya mwambao huo, Newala iliyo juu ya uwanda wa Makonde na Masasi iliyo upande wake wa magharibi zina hazina nyingine ya kaboni: vichaka na mikorosho. Insha hii inadai kwamba kudumu kwa hazina hiyo kumetegemea uhusiano wa mkulima na mti wake kuliko amri ya serikali.

Karl Weule alipofika Newala mwaka 1906, alikuta watu wakiishi mbali na maji. Udongo wa kichanga hunywa mvua yote, hivyo maji yalitekwa mabondeni, chini ya kingo za uwanda. Vichaka vinene, hata hivyo, viliwapa wakazi maficho dhidi ya wavamizi na ardhi ya kulima. Kichaka kilifyekwa, kikachomwa, kikapandwa mtama na muhogo kwa misimu michache, kisha shamba likaachwa lipumzike. Kaboni iliyopotea kwa moto ilirejea taratibu kadiri kichaka kilivyoota upya.

Mkorosho ulibadili mzunguko huo. Mti huu, ulioletwa na Wareno kutoka Brazili, ulienea kama zao la biashara hasa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ulipandwa kati ya mazao ya chakula. Matawi yalipokutana, shamba halikurudi tena kuwa kichaka, bali likawa mali ya kurithishwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya takriban tani 145,000 za korosho.

Mwaka huohuo wa 1973 iliamriwa kwamba wananchi wote wahamie vijijini kabla ya mwisho wa 1976. Wakulima wengi walijikuta mbali na mikorosho yao. Umbali huo, pamoja na bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga, ulishusha mavuno hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Shamba lisilopaliliwa hujaa nyasi, na nyasi za kiangazi hualika moto. Mti ulioungua hurudisha angani kaboni iliyowekwa kwa miaka mingi. Salfa na mageuzi ya biashara ya miaka ya 1990 yaliwarejesha wakulima mashambani.

Historia hii inaonesha kwamba hewa ya ukaa katika uwanda wa Makonde haihifadhiwi na mti peke yake, bali na mkono unaoupalilia. Mpango wowote wa kaboni utakaomtenga mwenye shamba na mti wake, kwa umbali au kwa bei, utarudia kosa la miaka ya 1970.