Alama za Ukosi za Askari wa Kiingereza wa Zamani

Hapo zamani jeshi la Waingereza lilikuwa na vikosi vingi vya askari wa miguu, na kila kikosi kilijivunia jina lake na historia yake. Katika vitu walivyovaa askari hao ili wajulikane, vilivyo vidogo kupita karibu vyote ni beji mbili za madini zilizotiwa katika ukosi wa koti, yaani kola, moja kuume na moja kushoto. Twataka kueleza jinsi mtu awezavyo kuitazama beji kama hiyo akajua ni ya kikosi gani na ya miaka gani.

Msomaji asidhani ya kuwa jambo hili ni mchezo wa watu wakusanyao vitu vya kale tu. Huko Ufaransa na Ubelgiji, hata leo, watu wakilima mashamba au wakichimba misingi ya nyumba, huonekana mifupa ya askari waliokufa katika Vita Kuu ya 1914–1918. Vibao vya majina walivyovaa shingoni vilikuwa vya nyuzi zilizoshindiliwa, navyo vimeoza. Kilichosalia ni madini: vifungo, herufi za begani, na beji. Pengine jina la mtu halipatikani tena, lakini kikosi chake chapatikana; ndipo jiwe la kaburi huchongwa alama ya kikosi hicho pasipo jina. Beji ikisomwa vibaya, marehemu huyo atalala chini ya alama isiyo yake, na jamaa zake watamtafuta pengine.

Basi jambo la kwanza ni kujua beji hizi zilianza lini. Kwa amri ya mwaka 1751 vikosi vya miguu vilijulikana kwa nambari, cha kwanza, cha pili, na kuendelea, na majina ya majimbo yakaongezwa baadaye. Askari wa kawaida waliruhusiwa kuvaa beji za ukosi mwaka 1874. Picha ya askari mwenye beji ya kikosi ukosini, ambayo mwenyewe asema ni ya vita vya Crimea vya 1854, yatupasa kuitilia shaka. Kwa maofisa mambo yalikuwa mbali kidogo. Tangu 1855 hata 1880 maofisa walivaa alama za cheo chao, taji na nyota, papo hapo ukosini; mwaka 1880 zikahamishwa mabegani, na ukosi ukawa wazi kwa beji ya kikosi. Kwa hiyo ukiona nyota ukosini mwa ofisa katika picha ya kale, usitafute kikosi chenye nyota. Ile ni cheo.

Mwaka wa pili wa kukumbuka ni 1881. Waziri wa vita, Hugh Childers, aliziondoa nambari, akavipa vikosi majina ya majimbo. Vikosi 25 vya kwanza vilikuwa na batalioni mbili tayari, navyo havikuunganishwa. Lakini vingi vya nambari za juu viliunganishwa viwili viwili. Askari wengi hawakupenda, maana nambari ile walikuwa wameipigania miaka mingi. Beji yenye nambari ya kikosi, basi, kwa kawaida ni ya kabla ya 1881. Na pale vikosi viwili vilipounganishwa, palikuwa na majadiliano juu ya alama ya nani itawekwa kofiani na ya nani ukosini, hata mara nyingi beji ya ukosi ndiyo iliyohifadhi kumbukumbu ya kikosi kile kidogo kilichomezwa.

Tena kuna taji. Si kila beji iliyo na taji, lakini ikiwapo, ni msaada mkubwa. Taji la siku za Malkia Victoria, aliyekufa 1901, matao yake yabonyea katikati. Wafalme waliofuata, tangu Edward wa 7 hata George wa 6 aliyekufa 1952, walitumia taji ambalo matao yake yapanda kwa mviringo. Siku za Malkia Elizabeth matao yakabonyea tena, na Mfalme Charles, tangu 2022, amelirudisha lile la mviringo. Lakini taji hutuambia tu kwamba beji haikutengenezwa kabla ya mwaka fulani. Halituambii ilivaliwa mpaka lini, kwa sababu serikali haikutupa shaba nzuri siku ile mfalme alipokufa. Za zamani ziliendelea kuvaliwa mpaka mpya zilipofika.

Wanyama ndio wawapendezao wengi, nao ndio wawapotoshao wengi. Vikosi vilivyopigana Misri mwaka 1801 vilipewa Sfinksi, ile sanamu ya simba mwenye kichwa cha mtu; kwa hiyo Sfinksi ni ya Lincolnshire, ni ya Gloucestershire, na ya wengine pia. Chui-milia alipewa kikosi cha Leicestershire mwaka 1825 kwa ajili ya utumishi wake Bara Hindi, lakini York na Lancaster nao walikuwa na chui-milia. Haitoshi kumwona mnyama. Lazima kutazama amesimamaje, kama kuna shada la majani au ua kando yake, na amegeukia wapi. Maana wanyama hawa walitengenezwa wawili wawili, kila mmoja akitazama katikati ya shingo, hata wakielekeana. Muuzaji akikuletea wawili wanaotazama upande mmoja, amekuletea nusu mbili za jozi mbili.

Mnyama mmoja wapaswa kumjua wasomaji wetu kuliko wengine. Ni Mwana-kondoo aliyechukua bendera, alama ya Kikristo tangu kale. Alikuwa wa kikosi cha Malkia, kilichoundwa 1661 kulinda mji wa Tangier, ambao Mfalme Charles wa 2 aliupata kwa kumwoa Catherine wa Ureno. Wengi husema Mwana-kondoo alikuwa alama ya ukoo wa malkia huyo, lakini ushahidi wake haukupatikana. Mwaka 1685, baada ya vita vya Sedgemoor, askari hao chini ya Kanali Percy Kirke waliwatendea walioshindwa kwa ukatili mwingi, na watu wakawaita wana-kondoo wa Kirke, kwa dhihaka. Kikosi kiliendelea kumvaa Mwana-kondoo zaidi ya miaka 250 baada ya hapo.

Madini nayo husema. Askari walivaa shaba ya manjano au madini meupe. Maofisa fedha au shaba iliyopakwa dhahabu, na tangu 1902, nguo za kaki zilipoingia, shaba ya rangi ya kahawia isiyong'aa. Beji nyepesi ya alumini, inayong'aa pasipo kusuguliwa, ni ya miaka ya 1950 na kuendelea. Geuza beji: ile iliyopigwa kwa chapa ya chuma ina nyuma yenye mashimo yafuatayo sura ya mbele, pamoja na vipete viwili vya kupitishia pini. Ile iliyomiminwa ni nzito, nyuma yake bapa, ina vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa. Hiyo ni ya kuigiza. Wako pia wanaosugua beji kila juma hata uso wa simba ukafutika. Watu hao, kwa maoni yetu, huharibu kuliko kutu.

Sasa mfano ulio karibu nasi. Novemba 1914 Waingereza walishuka Tanga, wakashindwa na Wajerumani na askari wao, wakarudi merikebuni. Pamoja na vikosi vya Kihindi ilikuwapo batalioni ya pili ya Loyal North Lancashire. Ukitazama beji ya ukosi ya kikosi hicho, waona ngao yenye msalaba na ua la yungiyungi katikati. Hiyo ni ngao ya mji wa Lincoln, wala Lincoln haumo katika Lancashire. Sababu ni hii: kikosi cha 81 kiliundwa Lincoln mwaka 1793, na mwaka 1881 kiliunganishwa na cha 47, cha Lancashire. Jina lilikuwa la Lancashire, bali shingoni walichukua mji wa wale wa 81. Lakini mtu akikuuzia beji hiyo akisema iliokotwa Tanga penye vita, mwulize zaidi. Ngao ile hasa ilikuwa ya koti jekundu la gwaride, na walioshuka Tanga walivaa kaki.