Nguzo, Mabati na Hati ya Ardhi

James Gibbs alipolikamilisha kanisa la parokia la St Martin-in-the-Fields mjini London mwaka 1726, aliweka mbele ya mlango wake baraza yenye nguzo ndefu mithili ya hekalu la Warumi, juu ya nguzo akakalisha paji la pembetatu, na nyuma ya paji akainua mnara. Na umbo hilo likaigwa na makanisa mengi ya Uingereza na ya ng'ambo. Adhama ya mtindo huo wa kiklasiki mamboleo haikutokana na ukubwa peke yake, bali na uwiano, kwa kuwa unene wa nguzo chini ndio uliokuwa mizani ya urefu wake, ya nafasi baina ya nguzo na nguzo, na ya jengo zima hata kileleni.

Nguzo hizo zilipofika Nairobi zilikwenda kwenye elimu na ukwasi: maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa ukumbusho wa Sir Northrup McMillan, ina nguzo zake za mbele na simba wawili wa mawe, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuitumia. Kanisa la Kianglikana la All Saints, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917 kwa ramani ya Temple Moore, lilichagua matao ya Kigothi. Na lile la Kikatoliki la Holy Family, lililosanifiwa na Dorothy Hughes na kukamilika mwaka 1963, lilichagua saruji ya zama zake.

Ama katika mitaa ya Kibera na Kawangware, humo humo Nairobi, kilichoamua sura ya nyumba za ibada hakikuwa mtindo, bali milki. Wanubi, askari wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles na jamaa zao, walikaa Kibera tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini serikali iliihesabu ardhi ile kuwa yake, ikawatambua kwa idhini ya kukaa tu pasipo hati. Na asiye na hati hajengi kwa jiwe, maana aweza kuamriwa kuondoka kabla chokaa haijakauka. Kwa hiyo wao, na wahamiaji waliowafuata na makanisa yao, walijenga kwa fito, udongo na mabati. Kawangware, kinyume chake, ilikuwa ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti, ambao baadaye walipata hati za mashamba yao, na jirani yake Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni ya St Austin's mwaka 1899 na kupanda kahawa. Penye hati, waumini waweza kuanza kwa mabati, wakaongeza ukuta wa mawe mwaka hata mwaka kwa kadiri ya sadaka zao.

Wala mabati yasidharauliwe. Yalibuniwa London na Henry Robinson Palmer mwaka 1829, na katika karne hiyo hiyo Waingereza waliyatumia kujenga makanisa mazima, wakayasafirisha vipande vipande hadi makoloni. Fundi wa Kibera ajengaye kanisa kwa mabati naye ana kanuni yake: urefu wa mbao za paa humwamulia upana wa chumba, na kipimo cha bati humwamulia kimo cha ukuta, kama unene wa nguzo ulivyomwamulia Gibbs. Na chumba chenyewe, kirefu, mlango upande mmoja na madhabahu upande wa pili, mabenchi yakiacha njia katikati, ni mpango ule ule wa basilika, ambayo kwa Warumi ilikuwa mahakama na ukumbi wa biashara kabla Wakristo hawajairithi.

Mwezi wa Novemba 2015 Papa Francis aliingia kanisa la parokia la Kangemi, jirani ya Kawangware, akanena kuwa ardhi na maskani ni haki ya maskini. Na mwaka 2017 Wanubi wa Kibera walipewa hati ya ekari 288, baada ya karne nzima ya kungoja. Mambo haya mawili ni ya historia ya usanifu sawasawa na nguzo za Gibbs. Mwandishi atakayehesabu makanisa ya mawe peke yake atakuwa amewasifu wenye hati na kuwasahau wenye ufundi. Insafu yataka kila nyumba ya ibada ipimwe kwa yale ambayo wajenzi wake waliruhusiwa kuyamiliki, na kwa uwiano walioupata humo.