Mti wa porini usioujua? Angalia majani, gome na maua kabla hujaukata

Ukiyaacha mashamba ya mpunga ya Ubaruku, wilayani Mbarali, ukaingia porini, hukawii kukuta mti usioujua. Ukiuliza jina, Msangu atakupa lake, Mhehe lake na mfugaji wa Kisukuma lake. Wote wako sahihi, lakini huenda bado usijue ni mti gani. Kinachoutambulisha mti ni alama zake, na alama moja haitoshi.

Majani

Jiulize kwanza: hili ni jani moja, au ni vijani vingi kwenye kikonyo kimoja? Angalia pale kikonyo kinapoungana na tawi. Jani zima huwa na jicho la chipukizi kwapani, kijani kidogo hakina. Kisha angalia mpangilio: majani yametoka mawili mawili yakitazamana, au yanapishana? Tumia tawi lililokomaa, maana majani ya machipukizi ya kisiki mara nyingi huwa makubwa kuliko kawaida.

Gome

Ni laini, lina nyufa, au linabanduka? Kwangua kidogo tu uone rangi ya utomvu. Ukiwa mweupe kama maziwa, kaa mbali nao. Mnyaa, ambao wengi wanaupanda kama ua wa nyumba, una utomvu wa namna hiyo, na ukiingia jichoni unaweza kukupofusha kwa muda. Ukikupata, osha kwa maji mengi na uwahi kituo cha afya. Na usionje kitu cha mti usioujua, hata kama ndege wanakula.

Maua na matunda

Huu ndio ushahidi wenye nguvu zaidi. Migunga mingi inafanana majani, lakini mingine ina maua ya mviringo kama vidonge na mingine yamerefuka kama mkia. Miiba nayo imenyooka au imepinda kama ndoana. Kama maua hayapo, tafuta matunda makavu chini ya mti.

Andika na msimu. Miti mingi hupukutisha majani kiangazi, ila kuna aina moja ya mgunga inayofanya kinyume: inapukutika masika na kuwa kijani wakati wa ukame.

Mfano: mninga

Jani la mninga lina vijani vingi. Gome lake ni la kijivu kilichokolea, limepasuka vipande vipande kama magamba ya mamba. Ukilikata, hutoka utomvu mwekundu kama damu. Maua yake ni ya njano, na huchanua mwishoni mwa kiangazi. Tunda ni duara bapa, katikati lina miiba myembamba, pembeni limezungukwa na ubawa mkavu kama karatasi. Ukiona yote hayo pamoja, huo ni mninga.

Kujua hilo mapema kuna faida. Kuvuna mninga porini kunahitaji kibali kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na kusema hukuujua hakutakuokoa.

Ukikwama

Piga picha tano: mti mzima, gome, jani upande wa juu, jani upande wa chini, na ua au tunda. Programu za simu zinaweza kukusaidia kukisia, lakini jibu lake lilinganishe na alama ulizoziona. Waonyeshe wazee na ofisa misitu.

Bado hujapata jibu? Kausha kitawi chenye majani na maua kati ya kurasa za gazeti. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyofanya. Kwa sampuli za aina hiyo iliandikwa orodha kubwa ya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, iliyotolewa sehemu kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012, yenye zaidi ya aina 12,000. Arusha kuna hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, ambako kitawi chako kinaweza kulinganishwa na vingine.

Mpaka hapo, panga libaki kwenye ala.