Barua ya Mjomba Terry

Januari 14, 1984, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Maryland ilitua Durham, North Carolina, kucheza na Duke. Mchezaji mmoja wa Maryland alikuwa amekumbwa na tuhuma za kumdhalilisha mwanamke kingono. Wanafunzi wa Duke walikuwa wamejiandaa: walirusha uwanjani kondomu na nguo za ndani za kike, wakamzomea kwa matusi ya nguoni. Walidhani wanamwadhibu yeye, kumbe waligeuza kichekesho kilio cha mwanamke aliyelalamika, tena mbele ya wazazi na watoto waliokuja kutazama mpira.

Ili kuuelewa mkasa huo, ni lazima kuujua uwanja wenyewe wa Duke. Cameron Indoor Stadium ulifunguliwa mwaka 1940 na unachukua watu 9,314 tu. Wanafunzi hawaketi juu kwa mbali. Wamepangwa kandokando ya mstari wa uwanja, wamesimama, wamebanana, kiasi kwamba mchezaji mgeni anayerusha mpira kutoka nje anazisikia pumzi zao kisogoni. Kila neno linamfikia. Ukaribu huo ndio uliowajengea mashabiki wa Duke jina, na ndio uliofanya matusi yao yawe mazito kuliko ya mtu anayepiga kelele kutoka safu ya hamsini.

Gazeti la Washington Post liliwashambulia. Chuoni, Rais wa Duke, Terry Sanford, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la North Carolina kuanzia 1961 hadi 1965, alikaa akawaandikia wanafunzi wake barua. Hakutishia kumfukuza mtu wala hakufunga majukwaa. Aliandika kama mzee wa ukoo anayezungumza na vijana wake: kwamba anayekimbilia matusi amekosa msamiati, amekosa ubunifu na amekosa heshima kwa wenzake. Aliwataka wabuni maneno ya kumwumiza mpinzani yasiyo na uchafu ndani yake. Kisha akawaachia kazi hiyo wenyewe, akisema si juu yake kuwalazimisha watu wenye akili zao kuwa na adabu. Chini alisaini: Mjomba Terry.

Siku chache baadaye, Januari 21, walikuja mahasimu wakubwa kuliko wote, Chuo Kikuu cha North Carolina, wakiwa na Michael Jordan na Sam Perkins. Kama kuna mechi ambayo wanafunzi wangekuwa na kisingizio cha kurudia yale yale, ndiyo hiyo. Badala yake waliingia wamevaa taji za malaika zilizotengenezwa kwa waya na karatasi ya foili. Wageni walilakiwa kwa makofi. Mchezaji wa North Carolina aliposimama kupiga mitupo huru, mabango yalimwomba tafadhali akose. Mwamuzi alipotoa uamuzi wasioupenda, pale ambapo wiki iliyotangulia angetukanwa, uwanja mzima ulimwimbia kwa adabu kuwa unaomba kutofautiana naye.

Duke ilifungwa 78 kwa 73. Ajabu ni kwamba vurugu ya siku hiyo haikutoka jukwaani. Kocha wa wageni, Dean Smith, alipandwa na hasira hadi akaivamia meza ya watunza alama na kuvuruga ubao wa matokeo. Kocha wa Duke, Mike Krzyzewski, alilalamika baada ya mechi kwamba ligi ina mizani miwili. Alikuwa na hoja: ni vigumu kuwadai wanafunzi ustaarabu usiodaiwa kwa makocha.

Hiyo haikuwa toba ya kudumu. Kelele na kejeli zilirudi Cameron, na nyingine hazikustahili. Hata hivyo, jioni ile ilithibitisha kwamba umati unaweza kubadilika ndani ya wiki moja bila kutishwa.

Miaka 20 baadaye ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, ilipita njia nyingine. Novemba 19, 2004, jijini Auburn Hills, Michigan, Indiana Pacers walikuwa wakiongoza 97 kwa 82 dhidi ya Detroit Pistons, zikiwa zimebaki sekunde 45.9. Ron Artest wa Pacers alimchezea faulo Ben Wallace wa Pistons, wakasukumana, kisha Artest akajilaza juu ya meza ya watunza alama. Shabiki mmoja akamrushia bilauri ya kinywaji. Artest akaruka jukwaani na kumkamata mtu ambaye siye, na ngumi zikaenea. Kamishna David Stern aliwafungia wachezaji 9 jumla ya michezo 146. Artest peke yake alikosa 86. Aliyerusha bilauri alihukumiwa siku 30 jela. Februari 2005 ligi ikatoa kanuni za mwenendo wa mashabiki na kusitisha uuzaji wa pombe robo ya nne.

Kanuni hizo zilihitajika. Lakini Mei 2021, mashabiki waliporejea viwanjani baada ya kuzuiwa kwa sababu ya korona, mchezaji Trae Young alitemewa mate New York, Russell Westbrook akamwagiwa bisi Philadelphia usiku huohuo, na siku nne baadaye Kyrie Irving akakoswakoswa na chupa ya maji Boston.

Vyuoni nako, Februari 24, 2024, Wake Forest waliifunga Duke 83 kwa 79, mashabiki wakafurika uwanjani na mchezaji wa Duke, Kyle Filipowski, akaumizwa goti kwenye msongamano. Mwaka uliotangulia, ligi nyingine ya vyuo, SEC, ilikuwa imepandisha faini ya uvamizi wa aina hiyo hadi dola 100,000 kwa kosa la kwanza na 500,000 kwa la tatu. Faini hiyo inalipwa na chuo. Kijana anayekimbilia katikati ya uwanja hatoi hata senti moja, na hakuna aliyemwandikia barua.