Betta na samaki wengine wanaopumua hewa: namna ya kuwafuga nyumbani

Betta ni samaki mdogo wa rangi kali, urefu wake kama kidole, na mapezi ya dume yanamwagika kama kitambaa. Kwao ni Thailand, ndani ya mashamba ya mpunga na maji ya matope. Jina lake la kisayansi, Betta splendens, alipewa mwaka 1910, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa maji wa taifa. Huku Kasongo na Kabambare anaonekana zaidi kwenye picha za telefone kuliko sokoni: samaki mmoja, peke yake, ndani ya chupa.

Hiyo picha njo inaua samaki mingi.

Ni kweli betta anaweza kuishi pale samaki wengine wanakufa. Juu ya matamvua yake iko kiungo kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kwa kinywa. Kambale naye iko na kiungo cha kazi kama hiyo. Ndiyo maana mama muuzaji anaweza kumuacha kambale ndani ya basini yenye maji kidogo tangu asubuhi, na jioni bado anageuka-geuka. Lakini huyo kambale anangojea sufuria. Samaki wa kufuga anapaswa kuishi miaka miwili, mitatu, na ndani ya chupa kinachomuua si kukosa hewa. Ni mavi yake na chakula kilichobaki. Vinageuka amonia, na amonia inachoma matamvua na ngozi. Hewa anaipata juu, lakini sumu inabaki naye ndani ya maji.

Kwa hiyo chombo kiwe cha litre 10 kwenda juu, na 20 ni nzuri zaidi. Basini ya plastiki inatosha, kioo si lazima. Bidoni iliyokatwa pia inafaa, ila isiwe ile iliyobeba mazout ao dawa ya shamba. Kila wiki toa robo ya maji na kutia mapya yenye joto sawa. Usitoe yote mara moja, na usioshe chombo kwa sabuni. Mikono yenye mafuta ya mawese isiingie humo: mafuta yanatandika juu ya maji kama ngozi, na samaki anakosa mahali pa kuvutia hewa. Kifuniko ni lazima kwa sababu betta anaruka, lakini acha nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko.

Maji ya mvua, ya chemchem ao ya kisima safi yanafaa. Wakati wa kolera, maji ya kunywa yanatiwa klorini, na klorini inaua samaki. Chota ya samaki mbele ya kutia dawa, weka pembeni. Mutu asiache kutia klorini kwenye maji ya familia kwa sababu ya samaki! Na kikombe cha kuchotea maji ya samaki kisirudi jikoni.

Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 24 na 28. Mchana huku hakuna shida, ila usiku wa kipwa, Juni mpaka Agosti, toa chombo karibu na dirisha na ukizungushie kitambaa.

Chakula: betta anakula wadudu. Fufu, mchele na mkate vinaoza tu ndani ya maji. Anachopenda sana ni watoto wa mbu, wale wanaocheza-cheza ndani ya maji yaliyotulia. Hapa iko hatari ya kweli. Mutu anayeacha ndoo ya maji nyuma ya nyumba ili apate hicho chakula anafuga pia malaria, sababu kwa joto letu siku saba mpaka kumi zinatosha yai kuwa mbu anayeruka. Funika ndoo kwa kitambaa, chota kila siku, na mwanga yote mbele wiki haijaisha. Kwa siku moja, wadudu wachache wanatosha: tumbo lake lina ukubwa kama wa jicho lake.

Madume wawili hawakai pamoja, watapasuana. Kule Thailand watu wanawapiganisha kwa kamari. Mutoto asifundishwe mchezo huo. Dume akitengeneza mapovu juu ya maji, usiyatoe ukifikiri ni uchafu: ni kiota. Jike akitaga, dume anaokota mayai kwa kinywa na kuyaweka humo, kisha anayalinda. Wakati huo jike atolewe, maana dume anamfukuza na kumuuma.

Asiyeweza kupata betta asisikitike. Bonde la mto Congo, ambamo Lualaba inapita, lina ndugu zake wanaoitwa Ctenopoma, samaki wa vichaka vya majini wanaovuta hewa vilevile. Jamaa zao wadogo, Microctenopoma, wako na madume wanaojenga kiota cha mapovu. Maangalizi ni yaleyale, ila Ctenopoma wakubwa wanameza samaki wadogo. Wakamatwe kwa kikapu, si kwa mustikere, ambayo inabeba hata vitoto. Samaki wa rangi wa ziwa Tanganyika, upande wa Baraka, ni habari nyingine: maji yao ni tofauti kabisa na ya matope.

Betta wa kununua asitupwe Luama ao kwenye etang ya jirani hata kama umechoka naye. Samaki mgeni anaweza kuleta ugonjwa ao kuzaa na kubaki. Mpatie mutu mwingine.

Na ukisafiri Kindu kwa siku tatu ao ine, badilisha maji, funika, uende. Samaki mzima anavumilia njaa hizo siku. Wengi wanamwaga chakula cha wiki nzima asubuhi ya safari, na wakirudi wanakuta maji yananuka na samaki amelala upande.