Ndanda na mechi ya nyumbani iliyochezwa Dar

Ukitaka kujua uzito wa mechi ya Yanga Mtwara, usimuulize mtu wa mjini. Muulize mtu wa Kilambo.

Kilambo ni kule mwisho wa nchi, kwenye kivuko cha Ruvuma. Ukisimama ukingoni, ng'ambo ni Msumbiji. Safari za huko hupangwa na bahari: maji yakijaa pantoni inavuka, yakikupwa mnakaa chini ya mti mnapiga soga. Mjomba wangu analima mpunga huko, na ni Yanga wa kufa na kuzikana. Mei 2015 alitoka alfajiri na bodaboda, kilomita kama 40 za vumbi, akaja mjini kunichukua. Nilikuwa sekondari. Tukakata tiketi za mzunguko, tukaingia Uwanja wa Nangwanda Sijaona saa sita mchana, mechi saa kumi.

Yanga walikuwa wameshakuwa mabingwa. Ndanda ndio waliokuwa na kamba shingoni, siku ya mwisho ya msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, wakihofia kushuka daraja. Ndanda wakashinda 1-0, wakabaki. Nikamtazama mjomba nikidhani atanuna. Alikuwa anacheka. Akaniambia, "Yanga naipenda, lakini Ndanda ni mpwa wangu." Kwetu sisi watu wa kusini mnajua mpwa ana maana gani. Huyo ndiye wa ukoo.

Mwaka uliofuata, Mei 14, 2016, mechi ileile ilirudi kwenye ratiba. Ndanda wenyeji, Yanga wageni. Ila safari hii haikuchezwa Nangwanda. Ilichezwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka nyumbani. Yanga walikuwa mabingwa tena, wakakabidhiwa kombe lao palepale mbele ya mashabiki wao, na siku chache baadaye wakawa na kibarua Angola dhidi ya Sagrada Esperança katika Kombe la Shirikisho. Kwao ilikuwa nafuu kubwa. Mjomba aliisikiliza redioni. Aliponipigia simu hakuulizia matokeo, aliuliza, "Hivi kwao Ndanda ni wapi siku hizi?"

Swali hilo limenikaa kichwani miaka yote hii, na leo nataka kulijibu.

Kwanza tuwatendee haki viongozi wa klabu. Kuendesha timu ya Ligi Kuu kutokea Mtwara si lelemama. Unaamka Mtwara unakwenda kucheza Bukoba, Shinyanga, Mwanza, Mbeya. Mafuta, hoteli, chakula, mishahara. Timu nyingi za mikoani mwaka mzima huangalia siku mbili tu kwenye kalenda, siku anayokuja Simba na siku anayokuja Yanga, kwa sababu hizo ndizo siku mlangoni panaingia pesa ya kueleweka. Sasa Nangwanda ni uwanja mdogo. Taifa, uliofunguliwa mwaka 2007, unaingiza watu 60,000. Toa VAT, toa ya uwanja, toa ya vyama, bado hesabu ya Dar inapendeza kuliko ya Mtwara. Ningekuwa mweka hazina mwenye wachezaji wanaodai mshahara, hata mimi kalamu ingetetemeka.

Na tuseme kweli, uwanjani Ndanda hawakuonewa. Walitoka sare ya 2-2. Kwa hiyo asije mtu akasema kuhamisha mechi kulimaanisha kuuza pointi. Hoja yangu si hiyo.

Hoja yangu inaanzia mbali kidogo, kwa hiyo nivumilieni.

Watu wa Mtwara wana historia ya kuona vitu vinaondoka. Waingereza walileta mradi wa karanga miaka ya 1940, wakajenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikagoma, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Korosho zinaondoka kila mwaka zikiwa na maganda yake. Kisha ikaja gesi. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na ilipoamuliwa ipelekwe Dar kwa bomba, watu waliandamana, na Mei 2013 mji ukalipuka kwa vurugu zilizogharimu maisha. Bomba lilijengwa, likazinduliwa Oktoba 2015. Sisemi gesi isingetoka. Umeme wa Taifa ni wa wote. Ila nasema kidonda kilikuwa bado kibichi.

Katikati ya hayo, mwaka 2014, Ndanda wakapanda Ligi Kuu. Jina lao linatoka Ndanda, Masasi, kwenye misheni ya Wabenediktini, lakini wakawa timu ya mkoa mzima. Mnaelewa kilichotokea hapo? Kwa mara moja tu kitu kikaanza kwenda kinyume. Badala ya Mtwara kupeleka kitu Dar, Dar ikawa inaletwa Mtwara. Wachezaji tuliokuwa tunawaona kwenye kibanda umiza wakawa wanashuka kwenye basi mbele ya macho yetu. Mama wauza samaki wakauza, wenye gesti wakajaza, bodaboda wakapata. Pesa hiyo haiandikwi kwenye vitabu vya klabu, lakini ilikuwa inalala Mtwara.

Kwa hiyo mechi ya Yanga ilipokwenda Taifa, mtu wa kawaida hakuona hesabu ya mlangoni. Aliona kitu kingine kinapanda basi kwenda Dar. Tofauti na gesi, safari hii hakuna aliyekuwa na bomba la kumlaumu.

Kuna atakayeniuliza mbona KMC wanahamisha na hakuna anayelia. Swali zuri. KMC ni timu ya Kinondoni, na wao Aprili 2019 walimpeleka Simba Mwanza, Oktoba 2021 wakampeleka Yanga Songea, Desemba mwaka huohuo wakampeleka Simba Tabora. Nao walifuata pesa, tusidanganyane. Lakini tazama walikotoka na walikokwenda. Shabiki wa Kinondoni anawaona Simba na Yanga karibu kila wiki. Ukimnyima mechi moja hafi njaa, na mtu wa Songea anapata sikukuu. Ndanda walifanya kinyume chake. Walimnyang'anya mwenye kimoja wakamwongezea mwenye mia.

Hapo ndipo ninapoweka mstari wangu. Kuhamisha mechi si dhambi yenyewe. Uliza tu mechi inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani. Klabu ya pembezoni haina mali nyingi. Haina uwanja wake, haina jezi zinazouzika. Mali yake ni moja, kwamba mara mbili kwa mwaka mkubwa lazima aje kwake. Ukiiuza hiyo, umekula mbegu.

Na mbegu ilikuwa inaota. Septemba 2016, miezi minne tu baada ya ile safari ya Taifa, Yanga walikuja Nangwanda wakatoka 0-0. Septemba 2018 Simba nao wakakwama hapohapo, 0-0. Sitaki kuwapaka mafuta, Simba walishinda Mtwara pia, 1-0 siku ya mwaka mpya wa 2016 na 2-0 Desemba 2017. Lakini hata siku za kufungwa, mjomba alikuwepo, na pantoni ilikuwa na habari ya kuvusha.

Julai 2020 Ndanda wakashuka daraja. Sitasema walishuka kwa sababu ya mechi moja ya mwaka 2016, huo utakuwa uongo wa kijiweni. Walishuka kwa ukata wa miaka mingi na matokeo mabaya. Lakini kama pesa ya Taifa ilikuwa dawa, mgonjwa hakupona.

Siku chache kabla ya msimu huo kuisha alifariki Mzee Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, aliyesoma Ndanda. Uwanja wa Taifa ukapewa jina lake. Kwa hiyo leo uwanja mkubwa kuliko yote Dar, uleule uliopokea mechi ya nyumbani ya Ndanda, una jina la mtoto wa Mtwara.

Nilimwambia mjomba habari hiyo nikidhani itamfurahisha. Akanyamaza, nikasikia upepo wa mto kwenye simu. Kisha akasema, "Jina wamechukua, sawa. Mpwa wangu lini atarudi?"

Sikuwa na jibu. Alikata simu, maji yalikuwa yanajaa.